Maji Yaliyonyooshwa kwa Rula

Bweni la wasichana, chumba cha mwisho
Jumanne, 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Usishtuke kupata barua wakati simu unayo mfukoni. Simu yako naijua: unaipokea kwa kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, halafu unakata kabla sijamaliza salamu. Tena ninachotaka kukuomba hakipiti kwenye simu, kitapita kwenye buti la basi. Kwa hiyo mimi nasema na mwenzangu wa chumbani anaandika. Hapa bwenini wanamwita Kasuku, na sababu utaijua mwenyewe. Barua zako atanisomea yeye, maana wewe na maandishi yetu ya nundu, sisi tusioona, ni mbalimbali. Tuko darasa moja, biolojia mwaka wa kwanza.

Masomo yanakwenda vizuri. Kuna kakozi kamoja tu ka kemia kananikwaruza. Mwalimu wake tumempa jina la Bwana Ubao. Anachora, anasema "kama mnavyoona hapa", anafuta, anachora tena. Mimi sioni hapa wala pale, na kitabu chake cha nundu hakipo.

Sikiliza sasa. Kila kitu duniani, kochi, sponji, wewe na kikohozi chako, kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Katikati ya atomu kuna kiini, na nje yake kuna elektroni. Atomu mbili zikikutana hushikana kwa zile elektroni za nje kabisa, na zikishikana tunaziita molekuli. Lakini kila atomu ina idadi yake ya mikono ya kushikia. Kaboni ina minne, nitrojeni mitatu, oksijeni miwili, hidrojeni mmoja. Hizo nne tu zinatosha kumjenga mtu karibu mzima.

Basi nitengenezee vifungo, vile unavyovalisha kitambaa na kubonyeza mgongoni mwa sofa. Kila atomu na kitambaa chake, na kila kifungo ukishonee vitanzi vya uzi kwa idadi ya mikono yake. Kitambaa nitakijua kwa kidole. Hukuniita Sindano bure. Nani alikuwa anakuokotea sindano zako sakafuni wewe na macho yako mawili mmeshindwa?

Wako,
Sindano

(Mjomba, hapa ni mimi Kasuku. Naandika kwa herufi ndogo ili nisimkosee sana. Mambo si mazuri. Idara imesema somo la michoro halitahiniki kwa asiyeona, wanataka kumhamishia kitivo cha lugha. Amegoma, amepiga kelele ofisini mpaka wamempa nafasi moja: tarehe 11 Aprili atakaa mezani mbele ya walimu watatu, ajenge molekuli kwa mikono na kuzieleza. Akishindwa, biolojia basi. Ameniapisha nisikuambie. Nisamehe.)


Karakana
Jumapili, 9 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba. Simu yangu iache, ni ya zamani na mimi ni wa zamani, tunaelewana.

Vifungo hivyo hapo. Kaboni nimeivalisha ngozi, ile iliyobaki ya kiti cha daktari wa meno. Oksijeni ni mahameli. Nitrojeni ni gunia, maana jina lenyewe linakwaruza. Hidrojeni nimeipa satini na kifungo kidogo kuliko vyote, kwa kuwa mwenye mkono mmoja hawezi kupewa nafasi ya mwenye minne. Mama yako ndiye aliyekuwa anabonyeza mashine, huku ananigombeza kwamba nambana kidole. Dada yangu huyo, alianza kunigombeza kabla hajaota meno.

Lakini nina swali. Nani aligawa hiyo mikono? Kwa nini ngozi ipate minne na satini mmoja? Mimi siwezi kushona kitu nisichokielewa, vidole vinakataa.

Kile kibao chako cha alfabeti ya nundu cha shule ya kwanza bado kinaning'inia juu ya cherehani. Wateja wanauliza ni kitu gani, nawaambia ni cheti changu.

Kasuku mwanangu, aya hii usiisome kwa sauti. Nimesikia. Kila barua uniandikie unachokiona, si anachosema. Huyu mtoto ataanguka shimoni na akiwa humo ndani ataniambia kuna kivuli kizuri. Haya, endelea kusoma.

Kula vizuri.

Mjomba wako


Jumamosi, 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kasuku alikuwa ananisomea barua yako, akafika mahali akanyamaza. Kasuku hanyamazi, mjomba, hata usingizini. Nikambana, akatema yote. Sasa mnanisengenya kwenye barua yangu mwenyewe! Haya, mmejua. Sikutaka uache kazi za watu ukae unanihurumia. Nataka biolojia. Siyo lugha, siyo kitu kingine walichoniwekea pembeni kama kiti cha mgeni asiyetarajiwa. Biolojia.

Vifungo ni vizuri mno! Nimejenga kaboni na hidrojeni nne zikining'inia, gesi ya kupikia inafanana na hiyo. Nimejenga nitrojeni na satini zake tatu. Kasuku anachanganya kaboni na oksijeni kwenye daftari lake, mimi sichanganyi hata nikiwa nimelala. Ngozi ni ngozi.

Swali lako. Elektroni hukaa kwa safu, kama watu kwenye kochi. Safu ya nje ikiwa na nafasi nane, atomu haitulii mpaka zote nane zikaliwe. Kaboni ina wanne, kwa hiyo inatafuta wanne. Nitrojeni ina watano, inatafuta watatu. Oksijeni ina sita, inatafuta wawili. Hidrojeni ina kochi dogo la watu wawili na amekaa mmoja. Basi jirani wanasogeza makochi, yule wa huku na yule wa kule wanahesabiwa nyumba zote mbili. Huko ndiko kushirikiana elektroni, na muungano wa namna hiyo ni mgumu kuvunja.

Chumvi ni hadithi nyingine. Sodiamu ana mtu mmoja peke yake sebuleni, anamkirihi. Klorini ana saba, amepungukiwa mmoja. Sodiamu anamtoa mtu wake mazima, klorini anampokea. Aliyetoa anabaki na chaji chanya, aliyepokea anakuwa hasi, na chanya na hasi huvutana. Hapo hakuna kushirikiana, ni kutoa na kupokea.

Sasa oda mpya. Vitanzi vinafunguka ndani ya mfuko, na maji nitayahitaji mengi. Nitengenezee molekuli za maji zilizokwisha kuungwa kwa waya: oksijeni moja katikati, hidrojeni moja kila upande. Tia pia zile sumaku za kufungia mikoba ya kina mama. Hidrojeni kwenye maji huwa chanya kidogo, oksijeni hasi kidogo, maana oksijeni ni mroho, elektroni za kushirikiana anazivutia kwake. Sumaku za hidrojeni ziangalie nje kwa uso mmoja, ya oksijeni kwa uso mwingine, ili molekuli hii ishike ile.

Mwambie mama kidole chake nakibusu.

Sindano

(Anafanya vizuri kweli, mjomba. Hii si ya kukuficha. K.)


Ijumaa, 21 Machi

Sindano,

Marahaba, wewe mfokaji.

Nimekuelewa habari ya kochi. Kumbe Mungu naye ni fundi wa makochi, sikujua kama tuko chama kimoja.

Mzigo wa maji huo. Nimetumia waya mgumu wa springi. Kila molekuli nimeilaza juu ya meza nikainyoosha kwa rula: satini, mahameli, satini. Uipitishie kidole, uniambie kama utakuta hata moja iliyopinda. Ukikuta, irudishe, nitaifanya upya kwa aibu yangu. Fundi wa jirani alipita akaona nalinganisha akaniuliza, "Hizo ni za kiti gani?" Nikamwambia ni za maji. Akaondoka bila kuaga.

Sumaku za satini nimezibandika kwenye ncha. Ya mahameli nimeitia tumboni mwa kifungo, maana mgongo na tumbo vyote sawa na sikuona pengine pa kuiweka. Ila sikufichi, zinashikana kwa uvivu. Zinalala kama fito, ukiinua moja nyingine zinabaki. Labda maji ndivyo yalivyo, wewe ndiye msomi.

Wiki tatu zimebaki. Mama yako anahesabu kwa midomo.

Mjomba


Alhamisi, 27 Machi

Mjomba shikamoo,

Leo ninaandika peke yangu, Sindano hajui. Yuko kitandani kajifunika gubigubi, na vifungo vyote kavitia mfukoni kavisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

Jana kulikuwa na somo la majaribio. Bwana Ubao aliuliza kwa nini chumvi inayeyuka kwenye maji na mafuta hayayeyuki. Sindano akanyoosha mkono, akasimama na molekuli yako mkononi, sauti hiyo, kichwa juu. Akaanza kueleza maji, akasema, "Maji yamenyooka namna hii."

Darasa likaangua kicheko. Bwana Ubao hakucheka, niseme haki yake. Alisema tu, "Binti, maji yangekuwa hivyo, bahari ingekuwa mvuke na sisi tusingekuwepo." Akageuka, akachora molekuli ya maji ubaoni, na imepinda, mjomba. Imepinda kama kiwiko. Sindano alisikia chaki inakwenda, akaniuliza kwa kunong'ona imechorwaje. Nikamwambia. Akakaa.

Kosa langu naliona. Ule mchoro nilishauona tangu mwezi wa pili. Ninao kwenye daftari! Nilipoona umepinda nikadhani ubao umemjaa mwalimu akakunja kona. Na molekuli zako zilipofika nilizishika, nikazisifu, nikamwambia zinapendeza. Nina macho ya bure mimi.

Anasema kesho anakwenda kusaini uhamisho, aende lugha. Anasema kama amejifunza maji vibaya, na maji ndiyo kitu cha kwanza, hajui ni mangapi mengine amejifunza vibaya na hakuna wa kumwambia. Nimeificha ile karatasi ya uhamisho, nimeikalia. Ninaikalia sasa hivi ninapokuandikia. Fanya kitu.

Kasuku


Jumapili, 30 Machi

Sindano,

Kasuku, soma kwa sauti, tena ukiwa umesimama, na asijifunike.

Nimekasirika. Kwanza nimekasirika na mimi. Pili, nani alisema "hidrojeni moja kila upande"? Mimi? Barua yako ninayo hapa. Mwambie fundi kila upande, fundi ataweka kila upande. Tatu, huyo Kasuku. Kasuku, nakupenda, lakini ukiona kitu kimepinda uliza. Hapo ndipo tumefika, watu watatu na akili zetu, tukanyoosha maji kwa rula. Hakuna wengine duniani wangeweza hilo.

Sasa unasema unakwenda kusaini. Saini. Mkono ni wako. Ila kabla hujasaini unilipe kazi yangu, na malipo yangu ni jibu. Kwa nini maji yamepinda?

Usiniambie "kwa sababu mwalimu amechora". Mimi sikunji waya wa springi kwa sababu mtu amechekwa. Siku ile nilikuuliza nani aligawa mikono, ukanijibu vizuri mpaka nikaelewa mimi niliyeishia darasa la saba. Nijibu na hili. Yapinde wapi? Kiasi gani? Nani anayakunja? Ukinijibu, nitakunja hata elfu. Ukishindwa, saini, na vifungo virudi nivishone kwenye sofa za watu, hasara juu yangu.

Mama yako alitaka nikuandikie maneno matamu. Nimemwambia aandike mwenyewe. Amekaa na kalamu, analia, hajaandika kitu. Ndiyo hivyo.

Mjomba wako


Ijumaa, 4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Barua yako ilinitia hasira mpaka nikatupa mto. Nikasema, mzee huyu ananiuliza mimi? Nani aniulize mimi! Halafu nikashindwa kulala kwa sababu kweli sikujua. Nilijua kwamba yamepinda. Kwa nini, sikujua. Na darasa zima lililonicheka, nimewapitia mmoja mmoja tangu juzi nikawauliza kwa nini maji yamepinda. Wanasema, "Ndivyo yalivyochorwa." Haki ya Mungu! Hakuna anayejua, mjomba. Wameona tu.

Nikavuta mfuko kutoka chini ya kitanda. Nikashika kwanza kaboni na satini zake nne za vitanzi. Nikawaza: satini hizi zote zina elektroni, na elektroni na elektroni hazipatani, kila mmoja anamsukuma mwenzake. Kama watu wanne kwenye chumba kimoja wasioongea, kila mmoja atatafuta kona iliyo mbali na wengine. Siyo kwenye meza iliyolala, chumba kina juu na chini. Nikazisukuma kwa vidole mpaka kila moja ikawa mbali na nyingine kadiri inavyowezekana. Ikawa kama kigoda cha miguu mitatu na mguu mmoja juu.

Halafu oksijeni. Kochi lake lina sita, nilikuandikia mwenyewe. Wawili wanashirikiana na hidrojeni, mmoja huku mmoja kule. Wanabaki wangapi? Wanne! Jozi mbili zimekaa bila kushirikiana na mtu, na sisi tuliwasahau, mjomba, tulifanya kana kwamba hawapo. Hawaonekani kwenye jina, hawana satini, lakini wamo chumbani na wanataka kona zao. Kwa hiyo kona ni nne vilevile kama kaboni. Mbili zina hidrojeni, mbili zina hizo jozi zilizonyamaza, na waliokaa bure wana makalio mapana kuliko wafanyakazi, wanazisukuma hidrojeni zikaribiane. Ndiyo wanaoyakunja maji. Jibu lako hilo.

Nikamwita Kasuku asome kwenye kitabu kimya kimya aniambie ndiyo au siyo. Akasema ndiyo. Akapiga kelele ndiyo mpaka mlinzi akaja.

Kiasi gani? Zaidi kidogo ya kona ya mraba: nyuzi mia moja na nne na nusu. Lakini usikunje, mjomba. Nimeshakunja. Zote, kwa mkono wangu, Kasuku ameshika kipimapembe na mimi nimeshika koleo la mlinzi. Waya wako ni mbishi kama wewe. Nina malengelenge kwenye vidole vinne na sijawahi kufurahi hivi.

Nikafumua pia sumaku ya oksijeni tumboni nikaitia mgongoni, upande wa zile jozi, maana sasa mgongo upo. Upande mmoja hidrojeni, upande mmoja jozi. Maji yana mbele na nyuma! Nilipozitupa mfukoni nikasikia: ka, ka, ka, ka. Zinashikana zenyewe.

Nitumie sponji, vipande vidogo, nishonee mgongoni mwa kila mahameli. Sitaki tena kumsahau mtu kwa sababu amekaa kimya.

Karatasi ya uhamisho Kasuku ameikalia mpaka imekuwa kama kitambaa cha kusafishia. Sisaini.

Sindano


Jumatatu, 7 Aprili

Sindano,

Sponji hiyo. Nimeweka na sindano ya kochi, ile iliyopinda, utashonea vizuri zaidi. Miaka yote hii naishika mkononi, chombo changu cha kwanza kimepinda kwa sababu nyoofu haingii ikatoka upande uleule, halafu maji nikayanyooshea rula! Nimejicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Jibu lako nimelisoma mara nyingi. Nimemwelezea mama yako kwa mito minne ya sofa. Ameelewa. Amesema hizo jozi zilizokaa bure anazijua, mmoja anaitwa kaka yake.

Habari ya Ijumaa sisemi kitu. Nenda.

Mjomba


Jumamosi, 12 Aprili

Mjomba!

Shikamoo. Kasuku anaandika huku anacheza, mwandiko ukiwa mbaya ni wake.

(Sichezi. Nimefurahi. K.)

Nyamaza uandike. Nilikuta walimu watatu: Bwana Ubao, mwalimu wetu wa mimea ambaye ni mama mmoja wa sauti nzito, na mzee mgeni kutoka chuo kingine, ananuka tumbaku. Kasuku hakuruhusiwa kuingia, alisikilizia dirishani.

Mzee akaanza. Akanitupia vifungo mezani, akasema nijenge amonia. Gunia moja, satini tatu, nikamrudishia kabla hajakaa vizuri. Akasema, "Umeijuaje nitrojeni?" Nikamwambia inakwaruza. Akacheka.

Bwana Ubao akauliza chumvi na mafuta. Lile swali lile. Nikasema maji yana upande chanya kidogo na upande hasi kidogo. Chumvi ni sodiamu chanya na klorini hasi, kwa hiyo maji yanaizingira sodiamu kwa migongo na klorini kwa hidrojeni, yanazivuta moja moja mpaka bonge limekwisha. Mafuta hayana chanya wala hasi ya kushika, maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe na mafuta yanasukumwa pembeni. Sikukwama hata neno moja.

Halafu yule mama wa mimea akasema, "Mti mrefu hauna moyo wala pampu. Maji yanafikaje kileleni?"

Mjomba, nilikuwa nimeimwaga mifuko yote mezani, maji yote uliyonitengenezea. Nikapapasa, nikashika moja. Nikasema, "Hii iko kwenye jani. Jua linaichukua." Nikaiinua. Ya pili ikaja. Ya tatu ikaja. Nikainua mkono, nikasimama, yanaendelea kuja kutoka mezani, moja imemshika mwenzake, mahameli kwa satini, mahameli kwa satini. Nikapanda juu ya kiti. Niliyasikia yanaacha meza, ka, ka, ka. Nikasema, "Kila muungano huu ni dhaifu, naweza kuutenganisha kwa kidole kimoja. Lakini ni mingi. Inayoondoka juu inamvuta wa chini yake, na huyo anamvuta wa chini yake, mpaka mzizini. Mti hauhitaji pampu. Maji yanavutana yenyewe."

(Mjomba, mimi niliona. Yalining'inia kutoka mkononi mwake hadi mezani, yanayumba, hayakukatika. Yule mama alisimama. Nililia dirishani kama mtoto. K.)

Bwana Ubao akasema taratibu, "Na maji yangekuwa yamenyooka?"

Nilikuwa namngoja! Nilikuandikia nimekunja zote, lakini nilikuwa nimebakiza moja, mjomba, moja tu sikuikunja, niliitia mfuko wa sketi. Nikashuka kitini, nikaitoa, nikaitua juu ya lundo, nikaiinua. Ikaja peke yake. Nikasema, "Hii haina mbele wala nyuma. Haimshiki mtu. Maji yangekuwa hivi, bahari ingekuwa mvuke na sisi tusingekuwepo."

Yule mzee alipiga meza kwa kicheko. Bwana Ubao hakucheka, yeye hachekagi. Akasema, "Nipe." Nikadhani anataka nimpe mkono, kumbe anataka molekuli moja iliyopinda. Akakaa nayo. Yule mama akamwuliza, "Mbona umefumba macho?" Akasema, "Nataka kuijua."

Nimefaulu, mjomba. Nimefaulu! Wamesema pale pale, hawakungoja karatasi. Ninabaki biolojia. Jumatatu Bwana Ubao anataka nisimame mbele ya darasa na mifuko yangu niwaeleze kwa nini maji yamepinda, maana amewauliza na yeye na wamemjibu vilevile walivyonijibu mimi. Tena chuo kinataka seti kumi, watakulipa. Amesema, "Kwa fundi yuleyule." Nikamwambia fundi yuleyule anahitaji kusimamiwa.

Mwambie mama. Mwambie sasa hivi, usimalize kusoma.

Sindano


Alhamisi, 17 Aprili

Sindano na Kasuku wangu,

Nilimwambia. Nilitoka na barua mkononi na sindano mdomoni, nikavuka barabara mpaka kwa mama yako, nikashindwa kusema kwa sababu ya hiyo sindano. Akadhani kuna msiba. Nilipoitema nikasema, "Amepasua!" Akakaa chini palepale mlangoni akapiga vigelegele akiwa amekaa, majirani wakaja na wao wakapiga bila kujua kwa nini. Halafu akanigombeza kwa kumtisha.

Mimi nimelia, mwanangu. Kasuku, msomee vizuri hapo, usiharakishe. Nimelia karakanani mbele ya mteja wa kiti cha kuzunguka, na sikumwomba radhi.

Seti kumi nimeanza. Ngozi imekwisha, nimempigia daktari wa meno nimwulize kama hana kiti kingine kilichochanika. Waya natumia laini, kila mwanafunzi akunje mwenyewe, na sponji zinawekwa kwenye kimfuko pembeni. Akisahau kuzishona, shauri yake.

Ile molekuli iliyonyooka niletee likizo. Nitaitundika juu ya meza, karibu na rula.

Kasuku, ndani ya mzigo kuna kipande cha mahameli kimekunjwa. Hicho hakikuhusu. Mpe mkononi, kisha wewe kaangalie dirishani, umezoea.

Mjomba wako


(Kipande cha mahameli. Nundu za mafundo ya uzi, zimeshonwa mstari kwa mstari.)

sindano

nilikitungua kibao chako siku ile ile kasuku aliponiandikia kwamba wamekucheka

nimejifunza kwa vidole macho nimefumba

mahameli imenisumbua lakini nilitaka ujue ni mimi

mpwa wangu nimefurahi mpaka kifua kinauma

usimtafute mtu tena wa kukuandikia

niandikie mwenyewe

nitasoma